Mapango ya Amboni: tunalinda pango, tunasahau mwamba na msitu uliolibeba

#1 mkaa_sigi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ukitaja Amboni mbele ya watu, wengi wanakumbuka hadithi. Mbwa aliyeingia pangoni akaja kuonekana Kilimanjaro. Njia ya chini kwa chini hadi Mombasa. Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliowahangaisha polisi wa mkoloni miaka ya 1950 wakijificha mle. Sofa la mawe, mamba wa mawe, Mlima Kilimanjaro wa mawe. Mimi ni mtu wa huku Kiomoni, Tanga, jirani na mapango, hizo nimezisikia tangu sijaanza shule na sina ugomvi nazo.

Ninachotaka tukizungumze ni kile ambacho hadithi zimekifunika. Amboni ni mwamba mzima wa chokaa, pamoja na msitu uliokaa juu yake na mito miwili inayopita humo, Mkulumuzi na Sigi. Pango ni zao la hivyo vyote. Tukiweka geti na mlinzi kwenye mlango wa pango huku juu na pembeni kunaisha, tutabaki na shimo kavu lenye tiketi.

Nianze na jiwe lenyewe. Chokaa hii ni ya zama za Jurasiki, maana yake ina umri wa zaidi ya miaka milioni 145. Hapa palikuwa bahari. Magamba ya viumbe na matope ya chokaa yalitua chini tabaka juu ya tabaka, yakagandamana, yakawa mwamba. Baadaye nchi ikainuka, bahari ikarudi nyuma, na mvua ikaanza kuuchonga.

Watu wengi hawajui kwamba mvua haifanyi kazi hiyo peke yake. Maji yanayolila jiwe la chokaa vizuri ni yale yaliyopita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, kwa sababu udongo wa msituni umejaa hewa ya ukaa kuliko hewa tunayovuta. Maji yanaichukua hewa hiyo, yanakuwa na uchachu kidogo, yanapenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa njiani. Yakitokeza kwenye uwazi wa pango, ile hewa inatoka, maji hayawezi tena kuibeba chokaa yote, basi yanaiacha pale pale darini, utando mwembamba kuliko karatasi. Hivyo ndivyo stalaktiti zinavyoning'inia. Tone likidondoka chini na kuacha kilichobaki, stalagmiti nayo inapanda kutoka sakafuni. Katika mapango mengi duniani kasi ya kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, pengine chini ya hapo. Kwa kasi hiyo, kipande cha sentimita kumi kimechukua miaka elfu moja kujijenga, na mtu anakivunja kwa sekunde moja akakiweke juu ya kabati la sebuleni.

Kwa hiyo msitu wa juu ndio fundi wa pango la chini. Ukifyekwa, udongo unaoshwa, tone lililokuwa linakuja taratibu linakuja na tope wakati wa masika, halafu kiangazi halionekani kabisa. Unaweza usiguse jiwe hata moja mle ndani na bado ukawa umeliua pango.

Kuna jambo la pili ambalo naona fahari yake tumeiachia watu wengine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo hili, aliokota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Ukafika kwa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland kule Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza kwa jina Saintpaulia ionantha. Maelezo ya wakati ule yanataja sehemu mbili ulikopatikana. Moja ni msitu wa mlimani Usambara. Nyingine ni mwendo wa kama saa moja kutoka mjini Tanga, mahali penye miti, kwenye nyufa za miamba ya chokaa, karibu kabisa na usawa wa bahari. Anayeijua nchi hii anajua miamba ya chokaa jirani na Tanga iko wapi. Leo maua hayo yapo kwenye madirisha ya nyumba Ulaya, Marekani na Japani, yanazalishwa kwa mamilioni kila mwaka, na bibi wa huko anayamwagilia bila kujua kwamba babu wa maua hayo alikuwa ameng'ang'ania kwenye ufa wa jiwe Tanga.

Yale ya asili yanaishi maisha ya taabu. Yanataka kivuli, unyevu wa bonde la mto na udongo kiduchu wa kwenye ufa. Jua la mchana likiyapiga moja kwa moja yanaungua. Ukikata mti mmoja mkubwa ukingoni mwa genge, ukuta mzima wa maua unaweza kwenda na huo mti.

Popo nao wanastahili zaidi ya kuogopwa. Jioni wanatoka kwa maelfu. Kuna wala matunda na kuna wala wadudu. Wala matunda wanabeba mbegu na kuzidondosha mbali wakiwa angani, na popo wa namna hiyo ndio wanaochavusha mbuyu, ambao maua yake yanafunguka usiku. Wala wadudu wanasafisha mashamba yetu bila malipo. Pango ni kitanda chao tu. Chakula wanakitafuta nje, kwenye msitu ule ule ninaousema.

Kisheria tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, na siku hizi mapango yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Usimamizi upo na waongoza wageni wa pale wanajituma. Swali langu kwenu: ni nani anaulinda mwamba nje ya pango? Karibuni.

#2 Mzee wa Mabanda ya Papa

Mwanangu, umeandika vizuri, Mungu akubariki. Ila hilo la Mombasa usilipitie juu juu. Wazee wetu walikuwa wakisema kuna njia, na wao hawakuwa na sababu ya kutudanganya. Pia kila mahali naona imeandikwa eneo ni kilomita za mraba 234. Pango la ukubwa huo litashindwaje kufika Mombasa?

#3 mkaa_sigi

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuchangia.

Hizo 234 ni eneo la ardhi yenye chokaa, ndani yake mapango yametapakaa huku na huku. Hakuna uwazi mmoja wa ukubwa huo chini ya ardhi. Upimaji uliofanyika mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yanayojitegemea, na refu kuliko yote lililopimwa lilikuwa na takriban mita 900. Wageni wanaingizwa kwenye moja tu kati ya hayo kumi, na humo kuna mahali dari imepanda hadi mita 13.

Wazee hawakudanganya, mzee. Fikiria mtu anaingia na mwenge wa makuti, njia zinagawanyika tatu nne, mwenge unaanza kufifia na upepo anausikia unatoka mbele. Lazima aseme haina mwisho. Mapango ya chokaa yana hewa inayotembea kwa sababu yana nyufa nyingi za kutokea juu, hata kama hayaendi mbali. Na mimi naona mita 900 za ukweli zina uzito kuliko safari ya Mombasa, maana hizo tunaweza kuzichora kwenye ramani na kuzilinda.

#4 KokotoTu

Mleta uzi nakusoma kwa makini tangu mwanzo na nasubiri ufike kwetu, hujafika. Basi nifike mwenyewe.

Mimi nachoma chokaa. Baba yangu alichoma chokaa. Jiwe la Tanga limejenga nyumba, limepaka kuta, linaenda kwenye saruji, linatibu udongo wenye asidi mashambani, linatumika viwandani. Watoto wangu wanasoma kwa jiwe hilo. Nyie mnaopenda maua na popo mnazungumza kama vile hapa hapakai watu. Viwanda vikubwa vinachimba na mitambo, kimya. Mtu mwenye nyundo na tanuri moja ndiye mharibifu. Msitu ukiwekewa uzio, sisi tunakula nini? Naomba jibu la kweli, sio la semina.

#5 mkaa_sigi

Kaka KokotoTu, nashukuru umekuja, maana bila wewe uzi huu ungekuwa nusu. Nakujibu kama jirani.

Kwanza, sidai jiwe lisichimbwe. Chokaa ya Tanga ni nyingi na nchi inajengwa kwa saruji, hilo halina ubishi. Ninachodai ni kwamba jiwe lote lisihesabiwe kuwa sawa. Kuna chokaa iliyo tambarare, imekaa chini ya vichaka na mashamba ya zamani ya mkonge, haina pango wala genge. Na kuna chokaa ya kingo za Mkulumuzi na Sigi, yenye mapango, chemchemi na mimea isiyopatikana kwingine. Ya kwanza ukichimba umepunguza mali ghafi. Ya pili ukichimba umefuta kitu ambacho hakitarudi, kwa sababu mmea wa kwenye genge hauhamishiki kwenda tambarare.

Pili, tanuri. Wewe unajua kuliko mimi: jiwe linataka moto wa karibu nyuzi 900 ndipo litoe hewa yake ya ukaa na kubaki chokaa hai. Moto huo ukitoka kwenye kuni, msitu unaliwa mara mbili, jiwe chini na mti juu. Wachomaji wengi wangehama kwenye kuni kama wangepata nishati nyingine kwa bei wanayoiweza. Hilo mzigo wake usibebeshwe wewe peke yako, ni jambo la kupelekwa halmashauri kama ombi la kijiji. Mimi niko tayari kusaini.

Tatu, umesema kweli kuhusu wakubwa na wadogo. Baruti ya machimbo makubwa inatikisa mwamba mbali kuliko nyundo yako. Kwenye mwamba wenye mapango mtikisiko unafungua nyufa mpya, na maji yakipata ufa mpya yanaacha njia yake ya zamani. Tone lililokuwa linajenga nguzo kwa miaka elfu linahamia kwingine. Kwa hiyo umbali kati ya machimbo na mapango unapaswa uwe wa kwanza kujadiliwa, kabla ya mtu yeyote kufukuzwa na nyundo yake.

#6 bomba_la_maji

Niongeze la kitaalamu kidogo, nipo kwenye mambo ya maji.

Mto Sigi unaanzia juu kule Amani, Usambara Mashariki, na bwawa la Mabayani lililojengwa juu yake ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Kwa hiyo mtu wa Ngamiani anayesema Amboni haimhusu, afungue bomba aone.

Ardhi ya chokaa ina tabia moja ya hatari. Kwenye udongo wa kawaida maji machafu yanachujwa taratibu yakishuka. Kwenye chokaa yanaingia kwenye ufa au shimo la kudidimia (mahali ardhi imebomokea kwenye uwazi wa chini) na kukimbia kama yako kwenye mfereji, bila kuchujwa. Taka ukizitupa shimoni leo, baada ya mvua kubwa zinaweza kujitokeza kwenye kisima au chemchemi ambayo huwezi hata kuihusisha na shimo hilo. Nimeona watu wakitumia mashimo ya chokaa kama majalala kwa sababu "hayajai". Hayajai kwa sababu yanapeleka mbele! Mifuko ya mbolea, chupa za dawa za kunyunyizia mazao, mizoga, vyote hivyo vinakwenda kwenye maji ya mtu.

Jirani na mapango kuna zile chemchemi za Galanosi zenye maji ya moto na harufu ya salfa, watu wanakwenda kuoga kutibu ngozi. Hizo ni ushahidi mwingine kwamba maji huko chini yana njia zake ndefu.

#7 dada_muuguzi

Nawasalimu. Niseme kuhusu popo kwa sababu nimeona kwenye mitandao watu wanapiga picha wamewashika mkononi.

Popo wala matunda wa mapangoni wanaojulikana kama popo wa Misri ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg. Watafiti walithibitisha kupitia popo wa mgodi wa Kitaka, Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Sisi wenyewe tumepata mlipuko wa Marburg Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Sisemi popo wa Amboni ni wagonjwa. Nasema popo wa porini hashikwi, haliwi, wala hachezewi, na tunda lililotafunwa na popo usilile. Pia kinyesi cha popo kilichokauka kikitimuliwa vumbi kinaweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu, kwa hiyo wanaokwenda kuchota mbolea ya popo wafunike pua na mdomo kwa barakoa madhubuti. Mwenye pumu au kinga dhaifu akae mbali na vyumba vyenye popo wengi.

Na ninaomba msikimbilie kuwachoma moto au kuwafukizia. Kule Kitaka watu waliwaua popo kwa wingi wakitegemea kumaliza tatizo. Baadaye mgodi ukajaa popo wapya, na waliopimwa wakakutwa na maambukizi kwa kiwango kikubwa kuliko wale wa mwanzo. Popo akiachwa kwake na mtu akakaa kwake, wote wanakuwa salama.

#8 mkaa_sigi

Dada yangu, ubarikiwe kwa maelezo hayo. Naomba wanaokuja kutembea wayasome kabla ya jambo lingine lolote kwenye uzi huu.

#9 PwaniKilifi

Hamjambo ndugu zetu wa upande wa Tanzania. Naandika kutoka Kilifi.

Mwamba wenu na wetu ni ndugu. Huku kuna chokaa ya Kambe, nayo ni ya Jurasiki, na ndani yake kuna pango la Panga ya Saidi. Wachimbuaji wa mambo ya kale walianza kazi hapo mwaka 2010, na 2021 ulimwengu ukatangaziwa kwamba wamekuta kaburi la mtoto wa miaka kama miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la binadamu la kale kuliko yote linalojulikana Afrika. Wakampa jina Mtoto. Mwili ulilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa inaonekana kilikuwa kimeegemezwa kwenye kitu kilichooza zamani, kama mto wa kulalia. Hebu fikirieni mzazi wa miaka hiyo yote akimlaza mwanawe hivyo.

Nawaeleza haya kwa sababu moja. Hazina hiyo ilikuwa kwenye udongo wa sakafu, chini ya nyayo za kila aliyeingia. Mkiruhusu sakafu za mapango yenu zichimbwe kutafuta mbolea ya popo, au dhahabu ya Mjerumani kama watu wanavyopenda kuota, mnaweza kutupa nje kwa koleo kitu kama hicho bila hata kukiona. Watu wakitaka kulinda pango, wamwambie kila mtu: sakafu haichimbwi ila na mtaalamu mwenye kibali.

Jambo jingine. Huku misitu mitakatifu ya makaya (vijiji vya kale) ya Wamijikenda imebaki imesimama wakati misitu ya jirani imekwisha, na mwaka 2008 ikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Haikubaki kwa sababu ya uzio. Ilibaki kwa sababu wazee walisema hapa hakatwi mti, na watu wakatii.

#10 Abuu_Tanga

Nimekuelewa ndugu wa Kilifi, lakini hapo kwenye mizimu ndipo ninapotatizika. Mle Amboni kuna sehemu watu wanapeleka ubani na vitambaa, wanauita Mzimu wa Mabavu. Dini yangu hainiruhusu kuyakubali hayo. Je, tukihifadhi pango tunahifadhi na ushirikina?

#11 Mzee wa Mabanda ya Papa

Abuu mwanangu, hakuna anayekulazimisha kwenda na ubani. Mimi mwenyewe naswali swala tano na sijawahi kwenda kuomba mle. Ila nakumbuka enzi zetu mtoto akienda kukata fito upande ule anaambiwa arudi, kule kuna wenyewe. Hofu ile ilihifadhi miti mingi kuliko mabango ya siku hizi. Mwanamke aliyekosa mtoto akaenda pale na uchungu wake, mimi si mtu wa kumhukumu.

#12 mkaa_sigi

Maneno ya mzee yanatosha. Nitaongeza kitu kimoja cha kimwili tu: ubani, mishumaa na mienge vinaacha masizi, na masizi yakishafunikwa na utando wa chokaa hayatoki tena. Wanaokwenda kwa ibada zao wangezungumza na walinzi wapatiwe mahali ambapo moshi hauingii kwenye vyumba vya ndani. Sioni sababu ya kuwafukuza. Kwa watu hawa pango lina maana tayari, na mwenye maana nalo ni rahisi kumfanya mlinzi.

#13 Mwl_Jiografia

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nataka kuleta wanafunzi wa kidato cha tatu. Nina wasiwasi na nidhamu yao mle ndani. Niwaambie nini kabla hatujapanda basi?

#14 mkaa_sigi

Karibu sana mwalimu. Ungeniuliza jambo moja la kuwafundisha, ni wasiguse. Waeleze na sababu, vijana wakielewa sababu wanatulia. Kiganja kina mafuta. Mafuta yakibaki juu ya stalaktiti, maji hayashikamani nayo vizuri, chokaa haitui tena, na baada ya mikono mingi inakuwa nyeusi yenye kung'aa kama kizingiti cha mlango wa zamani. Hiyo imekufa. Ukiona jeupe lenye unyevu nchani, hilo bado linakua, na waonyeshe tofauti ya hizo mbili wakiwa mle mle ndani, watajifunza kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Majina ya kuandika ukutani, marufuku kabisa. Kila mtoto awe na tochi au mgawane, na viatu visivyoteleza. Chakula kiliwe nje. Kelele zipungue kwenye vyumba vya popo, maana popo mama anayenyonyesha akishtuka anaweza kumwangusha mwanawe. Waingie kwa makundi madogo yanayopishana. Hata pumzi za watu wengi zina athari. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu ya unyevu na hewa ya ukaa ya wageni pamoja na ukijani uliosababishwa na taa. Amboni ina matundu mengi ya hewa kuliko lile, lakini somo ni hilo hilo, na ndiyo maana mimi napendelea tochi za mkononi kuliko taa za kudumu zinazowaka mchana kutwa na kuotesha mwani kwenye jiwe.

Halafu, mwalimu, usiwarudishe kwenye basi wakitoka tu pangoni. Watembeze kwanza msituni, juu ya dari. Simameni mahali ambapo chini yenu ni pango. Waonyeshe mizizi inavyoingia kwenye ufa wa jiwe. Waulize tone waliloliona ndani limetoka wapi. Kama kuna bahati mtawaona mbega juu ya miti. Somo lenyewe liko hapo, na mara nyingi ndipo watu hawafiki.

#15 zambarau_halisi

Mkuu naomba unielekeze hayo maua yako upande gani hasa. Nina bustani nyumbani, ningependa kuwa na ya asili kabisa, si ya kununua.

#16 mkaa_sigi

Hapo samahani, sitaelekeza. Si kwa ubaya. Ya asili yapo machache, na ukiyang'oa kwenye ufa wake mizizi inakatika na mara nyingi yanakufa njiani. Nunua kwa wauza miche. Ukimpata mwenye nao, kata jani moja lenye kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, liweke kivulini, baada ya wiki kadhaa litatoa watoto. Mmea huu unazaliana kwa jani kirahisi mno, ndiyo maana umeenea dunia nzima. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu yeyote kuufuata mwambani. Kwa kukufahamisha, tangu 2015 wataalamu wa mimea wameuingiza kwenye jamii ya Streptocarpus, ila madukani bado wanauita Saintpaulia.

#17 KokotoTu

Nimerudi. Nimesoma yote, ya dada muuguzi na ya mtu wa maji yamenigusa kwa sababu kisima chetu kiko karibu na shimo watu wanalotupia taka. Hilo nitalisema kwenye mkutano wa kijiji.

Lakini swali langu la msingi halijajibiwa. Unasema chokaa ya mapango na chokaa ya tambarare zitofautishwe. Sawa. Mpaka uko wapi? Mimi nikiwa na nyundo mkononi asubuhi nitajuaje kwamba hapa naruhusiwa na pale siruhusiwi? Msije mkanionyesha mpaka siku ya kunikamata.

#18 mkaa_sigi

Kaka, hilo ndilo swali nililokuwa nalitafuta tangu nianzishe uzi, na umeliuliza vizuri kuliko nilivyoliuliza mimi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaipa halmashauri ya kijiji nafasi ya kupanga: hapa kilimo, hapa machimbo, hapa msitu, na mpango unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Pale ambapo ardhi iko chini ya jiji, mipango inapita kwa maofisa mipango miji, na wananchi nao wana haki ya kusikilizwa. Mpaka wa mwamba unatakiwa uchorwe hivyo, mkiwepo nyie wachomaji, wakiwepo watu wa mambo ya kale, watu wa misitu na watu wa maji, halafu uwekewe mawe ya alama yanayoonekana kwa macho. Mpaka uliochorwa ofisini bila mwenye nyundo kuwepo utavunjwa, na sitamlaumu atakayeuvunja.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe na wenzako mnalijua jiwe hili kwa mikono, mnajua wapi likigongwa linalia kama ngoma kwa sababu chini kuna uwazi. Mwanajiolojia atahitaji mitambo kulijua hilo. Njoo kwenye mkutano na orodha ya sehemu zinazolia. Nami nitakuja na sehemu zenye maua na chemchemi, nitazionyesha kwa wajumbe tu. Tukizilaza hizo mbili kwenye karatasi moja, nusu ya mpaka tutakuwa tumeshaipata.

#19 KokotoTu

Upande wa mto ziko nyingi zinazolia. Nyingine tuliziacha wenyewe, kuna mtu aliwahi kutumbukia mguu. Nitaziandika. Ila nakuja na wenzangu wote, sio peke yangu, na la kuni za tanuri liwe la kwanza kwenye ajenda.

#20 mkaa_sigi

Liwe la kwanza. Bomba_la_maji, kama una ramani ya mashimo ya kudidimia upande wa Mkulumuzi iweke hapa, tuichape kabla ya mkutano.